Tengeneza Ubao wa Tezi Kabla ya Kaskazi

Msomaji, huenda ukashangaa kuona habari za boti katika gazeti la wakulima, tena zimeandikwa Mariakani, mahali ambapo bahari haionekani hata ukipanda juu ya mnazi. Lakini fikiri kidogo. Ni nyumba ngapi hapa kwetu, na kule Kaloleni, zenye mtoto au shemeji aliyeko pwani kwa kazi ya uvuvi? Na ni wakulima wangapi waliouza ng'ombe wakatia fedha katika chombo, ili mvua ikikosekana samaki wawasaidie kulipa karo ya shule? Mtu mwenye sehemu katika chombo ni sawa na mtu mwenye ng'ombe anayechungwa na mwenzake. Asipojua dalili za ugonjwa, ataletewa ngozi tu.

Ugonjwa tutakaoueleza mwezi huu ni kuoza kwa ubao wa tezi. Ni ugonjwa wa kimya. Huanza ndani, mahali pasipoonekana, na mara nyingi mwenye chombo huujua siku ambayo mashine inaning'inia nyuma ya boti kama jino bovu.

UBAO WA TEZI NI KITU GANI?

Chombo kina omo mbele na tezi nyuma. Vyombo vingi vya wazee wetu, kama mtumbwi, ngalawa na dau, vimechongoka pande zote mbili. Havikuwa na haja ya tezi pana, kwa sababu nguvu zao zilitoka katika tanga, kasia na pondo. Mashua na jahazi ndizo zenye tezi iliyokatwa bapa. Ilipokuja mashine ya kupachika nyuma, mambo yalibadilika. Mashine hiyo haikai katikati ya chombo bali hung'ang'ania ubao wa tezi kwa skrubu zake mbili za kukazia, na mzigo wote huwa juu ya ubao huo.

Sasa tufanye hesabu kama tulivyofundishwa shuleni. Mashine ya nguvu za farasi 15 ina uzito wa kilo 35 mpaka 50 hivi, kwa kadiri ya aina yake. Huo ni uzito wa gunia dogo la mahindi, na ubao mzuri hauwezi kushindwa nao. Lakini mashine haikai tu, inasukuma. Rafadha iko chini majini, na skrubu ziko juu. Basi kila mashine inapovuta, mguu wake mrefu hufanya kazi kama mpini wa jembe: huubonyeza ubao chini na kuuvuta juu. Wimbi likiipiga boti, ubao hupigwa pia. Na boti ikichukuliwa juu ya gari huku mashine imeinuliwa, kila shimo la barabara ni pigo jingine. Ubao mzima huyastahimili hayo yote miaka mingi, bali ubao uliooza huchanika.

BOTI ZA ALUMINI

Boti nyingi za pwani yetu ni za mbao au za fiba. Lakini ziko pia boti ndogo za alumini, za futi 12 mpaka 14. Watu huzipenda kwa kuwa ni nyepesi: alumini ina uzito wa theluthi moja tu ya chuma cha kiasi hicho hicho. Watu wanne waweza kuibeba boti ndogo ya namna hii mpaka juu ya mchanga bila kuita kijiji kizima.

Alumini si kitu kigeni kwetu. Ni madini yale yale ya sufuria. Zamani ilikuwa ghali mno, mpaka mwaka 1886 ilipopatikana njia ya kuitoa kwa nguvu za umeme. Njia hiyo waliivumbua watu wawili, kila mmoja kwa upande wake: Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa. Tangu hapo bei ikashuka, na leo kila jiko lina sufuria.

Alumini haishiki kutu kama chuma. Ikiguswa na hewa hujifunika ngozi nyembamba sana inayoilinda. Kwa sababu hiyo watu hudhani ya kuwa boti ya alumini haiozi. Wanasahau jambo moja. Bati la tezi peke yake ni jembamba, haliwezi kuishika mashine. Kwa hivyo watengenezaji wengi hutia ubao nyuma ya bati hilo, wakaufunika kwa ndani au kwa juu. Bati halitaoza, lakini ubao uliofichwa utaoza. Maji huingia katika tundu za bolti na tundu la kizibo, yakakosa njia ya kutoka. Ubao unakaa na unyevu mchana na usiku, kama mahindi yaliyotiwa ghalani kabla ya kukauka.

NILIYOYAONA TAKAUNGU

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, si fundi wa vyombo. Kwa hivyo msimu huu wa kusi nilifuata barabara ya Kaloleni mpaka Mavueni, nikashuka Takaungu kutazama kazi hii kwa macho yangu. Boti ilikuwa ya alumini, ya futi 14, na ilikuwa mali ya nyumba tano za wakulima wa upande wetu. Hawakupenda majina yao yatajwe, nami sikuona haja.

Wavuvi wao walikuwa wamelalamika ya kuwa mashine "inacheza". Fundi, mzee wa makamo, hakusema neno. Alishika kichwa cha mashine akakiinua na kukishusha taratibu, nasi sote tukaona bati la tezi likifuata, likijikunja na kunyooka. Kisha akagonga tezi kwa mpini wa nyundo. Pembeni ilitoa sauti kali. Katikati, chini ya mashine, ilitoa sauti ya boga. Mwisho akatoa kisu akakichoma katika ukingo wa ubao. Kisu kiliingia mpaka kwenye mpini, na maji meusi yakatoka.

Mmoja wa wenye boti alimwomba, "Mzee, karo inadaiwa wiki ijayo. Waache waende safari moja tu, halafu tutengeneze."

Fundi alimjibu, "Ndugu yangu, safari moja ndiyo niiogopayo. Mashine ikianguka hapa ukingoni, tutaizamia. Ikianguka nje ya mwamba, itakwenda na bati la tezi, na maji yataingia pale pale ilipotoka. Karo utaitafuta, lakini mtoto wa mwenzio utamtafuta wapi?"

Walikwenda kando wakashauriana kwa muda mrefu. Mwishowe waliuza beberu mmoja wakanunua plaiwudi na gundi. Nami naona walifanya biashara nzuri, kwani beberu huzaliwa tena kila mwaka.

DALILI ZA KUANGALIA

Hata wewe usiye fundi waweza kuyafanya majaribio haya matatu siku ukienda kuitazama mali yako:

1. Inua na kushusha kichwa cha mashine. Tezi isijikunje hata kidogo.

2. Gonga ubao wote kwa nyundo, kidogo kidogo. Sikiliza mahali ambapo sauti inakuwa nzito.

3. Choma kisu au bisibisi nyembamba katika ukingo wa juu, kando ya tundu za bolti, na kando ya tundu la kizibo. Ubao mzima hukataa kuchomwa.

Tazama pia kama skrubu za mashine zinazama katika ubao kila zikikazwa, na kama kuna unga mweupe kando ya bolti. Unga huo ni alumini inayoliwa. Dalili moja ikionekana, usisubiri nyingine.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kwanza, vua kila kitu. Watu wawili wateremshe mashine. Kabla ya kufungua chochote, piga picha kwa simu, au chora katika karatasi mahali pa kila bolti na kila gango. Fungua magango ya pembeni na kofia ya juu. Ribiti hazifunguki, toboa kichwa cha kila moja kwa keekee, kisha isukume itoke. Ncha ya keekee isizidi unene wa ribiti, ama sivyo utapanua tundu na ribiti mpya haitashika.

Pili, toa ubao wa zamani. Jaribu kuutoa mzima, kwa kuwa huo ndio kipimo chako. Ukivunjika, kusanya vipande uvipange juu ya katoni na kuchora umbo lake. Pima unene mahali ambapo haujaoza. Mara nyingi ni inchi moja na nusu, yaani milimita 38 hivi.

Tatu, safisha bati na ulichunguze. Tumia maji baridi yasiyo ya chumvi na brashi ngumu ya nailoni. Usitumie brashi ya chuma wala steliwuli, kwani vipande vyake hubaki katika alumini vikaanza kuila. Vitundu vidogo vyaweza kuzibwa kwa gundi ya epoksi. Lakini bati likipasuka, lipelekwe kwa fundi anayejua kuchomelea alumini. Si kila mtu anayechomelea mageti ya chuma anaweza kazi hii. Na kuchomelea kufanywe sasa, kabla ubao mpya haujaingia, kwa sababu moto utauunguza.

Nne, kata ubao mpya. Vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18, ile ya baharini inayogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini, vikiunganishwa kwa epoksi hutoa karibu unene huo. Paka gundi pande zote mbili, bana kwa klampu nyingi, lakini usibane mpaka gundi yote ikamwagika nje. Iache ikauke sawasawa kama ilivyoandikwa juu ya kopo. Haraka haraka haina baraka.

Hapa nataka kutoa onyo kubwa. Usinunue mbao zilizotiwa dawa ya shaba ya kuzuia mchwa. Ni nzuri kwa boma la ng'ombe na nguzo za nyumba, lakini shaba na alumini ni maadui. Zikikutana katika maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Tano, jaribu kabla ya kufunga. Ingiza ubao mkavu mahali pake. Ukikaa sawa, weka alama za tundu zote kisha uutoe. Toboa kila tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi, na ikikauka toboa tena katikati kwa kipimo cha bolti. Hivyo bolti itapita katika epoksi na haitagusa mti, na maji yakiingia hayatapata ubao wa kunywa.

Sita, funika ubao wote kwa epoksi mara tatu, ukiupiga msasa kidogo kila koti linapokauka. Kingo ndizo zinazokunywa maji zaidi. Zipake mpaka zikatae kunywa. Ubao uliopakwa usoni tu ni kama nyumba yenye mlango bila kuta.

Saba, funga. Paka dawa ya kuziba ya baharini katika kila tundu na chini ya kila kichwa cha bolti. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, na washa pana upande wa ndani ili nguvu isambae. Kati ya bolti na alumini iwepo dawa hiyo au washa ya plastiki, ili madini hayo mawili yasigusane. Kaza zote kidogo kidogo kwa zamu, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari.

Nane, rudisha mashine. Iweke katikati kabisa. Bamba dogo lililo juu ya rafadha liwe sawa na chini ya boti au lishuke kidogo tu. Mashine za mguu mfupi zimefanyiwa tezi ya inchi 15, yaani sentimita 38, na za mguu mrefu ni za tezi ya inchi 20, yaani sentimita 51. Kwa hivyo usipunguze wala kuongeza urefu wa ubao ulioukuta. Kisha funga mnyororo kutoka kwenye mashine mpaka kwenye gango lenye nguvu. Huo ni bima ya maskini.

Siku ya kwanza jaribu karibu na ufuo, polepole, na watu wachache. Baada ya siku chache kaza bolti tena.

DAWA YA MTI SI DAWA YA ALUMINI

Mafundi wetu wana elimu ya zamani sana. Wazee wa pwani hii waliunda mitepe iliyoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, nayo ikasafiri baharini. Mpaka leo chombo cha mbao hupigwa kalafati kwa pamba, hupakwa sifa ya mafuta ya papa, na chini hupakwa deheni ya shahamu na chokaa. Kwa chombo cha mbao elimu hiyo ni nzuri na isipotee.

Lakini kila mgonjwa na dawa yake. Chokaa iliyolowa huila alumini, kwa hivyo usiipake deheni boti ya namna hii. Vivyo hivyo rangi yenye shaba, ambayo huzuia chaza na majani ya bahari, huharibu alumini ikiigusa. Hata senti kumi za zamani zenye tundu, ambazo zilikuwa za shaba, ukiiacha moja katika maji machafu ya ndani ya boti, kwa muda itajichimbia shimo. Usiache humo waya wa umeme wala misumari. Na kila jioni suuza boti na mashine kwa maji baridi, ung'oe kizibo, na uinamishe boti ili maji yatoke.

WAKATI WA KAZI NA FEDHA ZA KAZI

Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo anoe jembe. Katika kusi, bahari ni kali na boti ndogo hukaa pwani siku nyingi. Mwanzo wake una mvua za masika, na ubao hautakauka vizuri. Basi miezi ya Julai mpaka Septemba ndiyo mizuri kwa kazi hii, chini ya banda lenye kivuli na upepo. Kaskazi ikiingia mwishoni mwa mwaka na bahari ikatulia, boti yako iwe tayari majini, si juu ya magogo.

Na fedha zitoke wapi? Wenye boti wengi hugawana mapato yote siku ile ile: fungu la wavuvi, fungu la mafuta, fungu la wenye chombo. Chombo chenyewe hakipewi kitu. Ongezeni fungu moja. Katika kila shilingi 100 mnazogawana, wekeni 10 kwa ajili ya chombo, na ziandikwe katika daftari mbele ya wote. Mali bila daftari huisha bila habari. Wale wa Takaungu hawakuwa na fungu hilo, ndiyo maana beberu alilipa.

SHERIA NA USALAMA

Boti inayobeba watu baharini haina budi kuwa na leseni na kukaguliwa. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2004, ndiyo inayosimamia usalama wa vyombo, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inataka chombo cha uvuvi kiandikishwe. Kila bandari ya wavuvi ina kamati yake ya kusimamia ufuo, inayoitwa BMU. Waulizeni viongozi wake au afisa wa uvuvi wa kaunti. Mkaguzi akiuliza habari za tezi, usimwone adui. Ni kama bwana mifugo anayemtazama ng'ombe mdomoni.

Wenye chombo wana wajibu mwingine pia. Kila mtu anayeingia botini awe na jaketi la kuokolea, na kila boti iwe na kasia mbili, nanga yenye kamba ndefu, na kopo la kukumbia maji. Mashine hata ikiwa mpya yaweza kuzimika. Kasia haizimiki.

Wahenga wa pwani walisema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maana yake, mtu hata akitembea wapi, mwisho hurudi mahali pake. Tunataka vijana wetu waende tezi na omo, kisha warudi wote nyumbani na samaki wao. Basi, msomaji, ukiwa na sehemu katika boti, usikae Mariakani ukingoja fedha. Chukua matatu siku moja, nenda ufuoni, inua kichwa cha mashine hiyo, gonga ubao kwa nyundo, na usikilize kwa makini unakujibu nini.